Mume wangu aliruka angani, akarudi mtu mwingine

BARUA

Shikamoo mama mshauri,

Nina miaka 34, ni fundi cherehani hapa Moshi. Nashona sare za shule na magauni ya kina mama. Baba watoto ana miaka 38, anaongoza watalii mlimani. Alianza kama mpagazi, akawa msaidizi, sasa ana leseni yake. Tuna watoto wawili, wa kike yuko darasa la tano, wa kiume ndiyo ameanza chekechea.

Nimeiandika barua hii na kuifuta mara tatu, kwa sababu kila nikiisoma naona kama namshtaki mtu ambaye hajanikosea. Naomba uisome mpaka mwisho.

Miaka kumi na moja ya ndoa nimeishi na mtu wa mlima. Akipanda kwa njia ya Lemosho ni siku nane hatuonani. Akishuka anaoga, analala kutwa nzima, halafu jioni anaenda kukaa na wenzake. Sisemi alikuwa mume mbaya. Ada inalipwa, hajawahi kuninyanyulia mkono, na bahasha ya tipu huwa ananipa ikiwa haijafunguliwa. Ila alikuwa kama mgeni anayelipa vizuri. Ukimuuliza safari ilikuwaje, anasema "salama". Watoto walimzoea hivyohivyo.

Mwaka 2017 yalitokea makubwa. Mtoto wa baba yake mdogo alikuwa mpagazi kwenye safari aliyoiongoza yeye. Kijana alizidiwa usiku kambini, mapafu yakajaa maji. Wakamshusha kwenye ile machela ya gurudumu moja, akafia njiani kabla hawajafika getini. Baba watoto ndiye aliyeshika machela upande wa kichwani. Hayo niliyasikia msibani kwa watu. Yeye hakuniambia hata neno moja, na mimi sikuuliza. Nilidhani nikiuliza nitamuumiza.

Sasa mwaka jana mwezi wa pili alipandisha wageni wawili, mtu na mke wake kutoka Ujerumani. Walifika kileleni vizuri, wakafurahi naye mno, wakamwalika waende wote Diani, Kenya, siku nne, gharama zote juu yao. Nikasema sawa, akaione bahari. Siku ya tatu akanitumia video. Nilikuwa kwenye cherehani, namalizia pindo la sketi. Naona mlango wa ndege ndogo uko wazi, mume wangu amefungwa mikanda mbele ya kifua cha mzungu asiyemjua, miguu inaning'inia nje. Halafu hawapo. Nilisahau mguu kwenye pedali, sindano ikaendelea kushona hewa.

Alipofika nyumbani nilikuwa nimejiandaa kugombana. Hakunipa nafasi. Hakulala. Aliweka begi, akakaa kwenye kigoda jikoni, akaanza kunisimulia ule usiku wa machela, mwanzo mpaka mwisho: nani alishika wapi, kijana alisema nini, taa ilizimika wapi. Alilia. Sijawahi kumwona akilia, hata alipozikwa baba yake. Tulikaa mpaka saa nane usiku.

Tangu siku ile ni mtu mwingine. Akishuka mlimani anakuja moja kwa moja. Nikikata kitambaa kirefu, anashika upande wa pili bila kuitwa, anakivuta kinyooke, anakaa kimya mpaka mkasi umfikie. Mwanangu wa kiume siku hizi hakubali kuogeshwa na mtu mwingine. Kila mwisho wa mwezi anapeleka sukari na sabuni Marangu kwa mama wa yule kijana, na alikuwa hajakanyaga pale tangu arobaini.

Kwa hiyo ungeniambia nishukuru na ninyamaze. Tatizo ni kwamba anataka kurudi, na safari hii si kufungwa kwa mtu. Anataka kusomea mpaka aruke peke yake. Anataka kwenda mwezi wa nne mlima ukiwa umelala. Ameniomba tutoe milioni nane kwenye akiba yetu, ambayo ni ya nyumba ya Himo. Msingi uko tayari na tofali zimeanza kuota majani. Akiba iko SACCOS kwa majina yetu wote wawili na haitoki bila saini mbili. Hajanilazimisha. Amesema, "Usiposaini siendi, na sitakununia."

Mama mkwe anasema mtoto aliyezaliwa migombani hana biashara na mawingu, na kwamba mlima umeshachukua mmoja kwenye ukoo, sasa tunataka kupelekea na anga. Rafiki yangu wa sokoni anasema nimkatalie tu, wanaume wakikaribia arobaini hupata wazimu na huo wa kwangu angalau hauna jina la mwanamke.

Mama, mimi kazi yangu ni uzi. Najua uzi unavyokatika, tena unakatika siku usiyotegemea kwenye mshono uliouamini. Nikisaini akafa, nitakuwa nimesainia kifo chake. Nikikataa, naogopa yule "salama" atarudi nyumbani kwangu. Na kuna jingine ninaloona aibu kuliandika: nina wivu. Nimemgongea mlango miaka kumi na moja hakufungua, anga limemgongea siku moja akafungua.

Watu huruka kwa nini? Atabaki hivi alivyo? Nisaini?

Fundi, Moshi

JIBU

Marahaba binti yangu, na pole kwa msiba ule, maana naona hata wewe hukupewa nafasi ya kuulilia.

Barua yako nimeisoma jioni, nikairudia asubuhi. Umenieleza kuhusu saini na milioni nane, lakini mistari iliyokutoka moyoni ni ya mikono: mkono ulioshika machela, mkono unaoshika kitambaa. Nikikusikia vizuri, hali yako ni hii. Mumeo aliyekuwa mbali amekaribia, na kilichomleta karibu ndicho unachoogopa kitamchukua. Unakishukuru na kukiogopa kwa wakati mmoja. Hapo hakuna wazimu wala utovu wa shukrani.

Nianze na uzi, kwa sababu wewe ni fundi na unastahili jibu la fundi. Mwavuli ule wa kurukia kutoka ndegeni, yaani parachuti, zamani ulikuwa wa hariri. Tangu wakati wa Vita ya Pili ya Dunia ni nailoni, na nailoni yenyewe hufumwa kwa namna yake: kila baada ya nafasi ndogo hupita uzi mnene zaidi, kwa urefu na kwa upana, mpaka kitambaa kinaonekana kina vijimraba. Kikichanika, mpasuo unafika kwenye uzi mnene unakwama, haukimbii kama kitambaa cha shati. Mrukaji hubeba miamvuli miwili kwenye begi moja mgongoni. Ule mkubwa ukikunjamana, huvuta mpini, mwavuli wote unamwachia na kamba zake, kisha hufungua wa akiba. Wa akiba hukunjwa na fundi aliyesomea na kupewa cheti, na hukaguliwa kila baada ya muda maalumu hata kama haujatumika. Juu ya hayo kuna kifaa kidogo kinachopima mgandamizo wa hewa. Mtu akifika karibu na ardhi bado anaporomoka, labda amezimia, chenyewe kinafungua mwavuli wa akiba. Aina ya kisasa ya kifaa hicho ilitoka Ujerumani mwaka 1991.

Marekani chama cha warukaji hutunza hesabu kila mwaka. Mwaka 2023 walikufa watu 10 katika miruko ipatayo milioni 3.65. Miaka ya 1970 walikuwa wakifa kwa wastani zaidi ya 40 kwa mwaka, na warukaji walikuwa wachache kuliko sasa. Kwa wale wanaofungwa kifuani mwa mkufunzi, kama alivyofungwa baba watoto, kifo huja mara moja kwa miruko kama nusu milioni. Sikuandikii haya ili usaini. Najua kwa mke hesabu haisaidii sana, kwa sababu yeye hana waume milioni, anaye mmoja. Nakuandikia ili hofu yako ikae mahali pake.

Maana mahali pake si kwenye uzi. Siku hizi wengi wanaokufa wanakufa mwavuli ukiwa umefunguka vizuri kabisa juu ya kichwa. Ni watu waliozoea, wanaokata kona kali wakiwa karibu na ardhi, au wanaokosea hesabu ya kutua. Kwa hiyo swali la "uzi utakatika?" ningeligeuza kidogo: mume wangu akishazoea, ataendelea kuogopa vya kutosha? Na hilo una pa kulipatia jibu, kwa sababu umeishi na kazi yake. Mgeni akizidiwa huku kilele kinaonekana, amelipa dola zake na anapiga kelele, baba watoto humgeuza au humwachia? Tangu 2017 amekuwa mwangalifu zaidi, au alianza kutojali? Waulize wenzake anaopanda nao, watakuwa wanajua.

Uliuliza watu huruka kwa nini. Wataalamu wa saikolojia wamelichimba hili kwa zaidi ya miaka sitini. Marvin Zuckerman wa Marekani alionyesha tangu miaka ya 1960 kwamba watu hawalingani katika kiu ya msisimko: wapo wanaotosheka na maisha yaliyotulia, wapo wanaohisi wamefungiwa. Lakini mumeo simwoni sana humo. Mtu anayekuletea bahasha ya tipu ikiwa imefungwa si mtu wa kucheza na maisha yake.

Wengine wawili, Seymour Epstein na Walter Fenz, waliwapima warukaji mapigo ya moyo. Wanaoanza, hofu yao hupanda mpaka mlangoni mwa ndege. Wazoefu huogopa mapema, wakiwa bado njiani, na kadiri wakati wa kuruka unavyokaribia wanatulia. Hofu haikuwa imewatoka, ilikuwa imehama tu na wao wamejifunza kuitumia. Nilipolisoma hili nilimkumbuka mtu yeyote anayelala kambi ya Kibo akisubiri kuondoka usiku wa manane. Nadhani baba watoto anaijua hofu hiyo kuliko mimi na wewe. Mimi nimefika kambi ya kwanza ya Mandara tu, na nilishuka siku hiyohiyo.

Yupo na msomi wa mambo ya jamii, Stephen Lyng, aliyewahi kurusha ndege za warukaji na kukaa nao miaka. Mwaka 1990 aliandika kwamba watu wengi huenda kwenye ukingo ule kwa sababu huku chini maisha yao yanaamuliwa na wengine: bosi, mteja, deni. Pale mlangoni, kwa sekunde chache, mtu anahisi maisha yake yako mikononi mwake mwenyewe. Na Richard Solomon alieleza jambo ambalo nataka ulishike, kwa sababu linagusa swali lako la "atabaki hivi?". Hofu kubwa ikipita, hufuatwa na furaha kubwa. Ukirudia, hofu inapungua na furaha inazidi. Ndiyo maana wanarudi. Kwa wengi hilo linakuwa burudani yenye nidhamu, na wanakuwa watulivu hata kazini. Kwa wengine maisha ya chini hukosa chumvi, na mke anabaki na mtu anayehesabu siku mpaka ndege nyingine. Furaha ile ya kwanza haikai muda mrefu. Sasa wewe unasema mumeo amebadilika mwezi baada ya mwezi, kwa sukari na sabuni ya kila mwisho wa mwezi. Hiyo si furaha ya kuruka, binti yangu. Furaha ya kuruka haipeleki mtu Marangu.

Hapa nataka nikuulize kwa upole: una hakika ni anga lililomfungua?

Fikiria kilichotokea siku ile. Ndege za namna hiyo humwachia mtu kati ya mita 3,000 na 4,000, yaani karibu na usawa wa kambi ya Horombo. Mumeo husimama na wageni wake kilele cha Uhuru, mita 5,895. Kwa hiyo urefu haukuwa mgeni kwake. Aliporomoka chini ya dakika moja, kwa kasi ya karibu kilomita 200 kwa saa, kisha akaelea dakika chache mpaka chini. Yote hayo ni mambo ya mwili. Lakini tazama na lile ulilolitaja kwa kupita: alikuwa amefungwa mikanda kwenye kifua cha mtu asiyemjua.

Tangu ujana wake yeye ndiye anayebeba. Alibeba mizigo ya wageni, sasa anabeba wageni wenyewe, hewa yao, vichwa vinavyouma, hasira zao za usiku. Mwaka 2017 alishika machela upande wa kichwani na aliyembeba hakufika. Diani, kwa mara ya kwanza sijui tangu lini, alibebwa yeye. Hakuwa na la kuamua, hakuwa na wa kumwangalia. Akafika chini mzima, akarudi kukusimulia habari za aliyebebwa asifike.

Huenda nakosea. Ni barua moja tu nimesoma, na mumeo hajanitumia yake. Lakini kama kuna ukweli ndani yake, basi anachokiomba sasa si kitu kilekile. Akiruka peke yake, anarudi kuwa mwenye kuamua, mwenye kuvuta mpini, mwenye kulaumiwa. Inaweza kuwa ndicho anachokihitaji, ajithibitishie kwamba mikono yake bado inaaminika. Inaweza pia kuwa anakwenda kutafuta Diani kitu alichokwisha kukipata jikoni kwako.

Na hapo naingia kwenye wivu wako. Usiuonee aibu. Umegonga mlango miaka kumi na moja, ndiyo, lakini umeandika mwenyewe pia kwamba kuhusu usiku wa machela hukuuliza. Hukuuliza kwa huruma. Naye huenda alinyamaza kwa huruma hiyohiyo, asikutwishe. Mkakaa mmoja ndani mmoja nje, kila mtu anamhurumia mwenzake. Sikulaumu hata kidogo, wengi tumeishi hivyo na waume zetu. Ila angalia alipofunguka alikwenda wapi. Alikuwa na wenyeji wake Wajerumani, alikuwa na bahari na wenzake wa baa. Alilipitisha lile neno Likoni kwenye feri, Voi, Taveta, Holili, akalifikisha kwenye kigoda cha jikoni kwako.

Sasa saini. Sitakuambia usaini au usisaini, nitakuonyesha ninachokiona kila upande.

Ukikataa, amesema hatakununia, na mimi namwamini. Lakini kukataa kwa "sitaki tu" na kukataa kwa "naogopa kukuzika" ni vitu viwili. Cha kwanza kinaweza kumfundisha kwamba akifungua moyo anafungiwa mlango. Cha pili kinampa nafasi ya kukufariji. Na usikubaliane haraka na hesabu yako kwamba ukikataa yule wa "salama" atarudi. Hilo linamfanya mumeo kuwa bomba, ukifunga hapa maji yanakauka. Mwaka mzima ameshika kitambaa bila kuruka mara ya pili.

Ukikubali, hatari ya kwanza si kifo, ni fedha, na hili nalisema kwa mkazo kwa sababu sioni mtu amekuambia. Kujifunza kuruka peke yako si kama kununua cherehani, ukalipa yakaisha. Kwa utaratibu wa Marekani, ambao vituo vingi duniani huufuata, mtu hupita hatua kadhaa akiwa na wakufunzi pembeni, kisha anahitaji kufikisha miruko 25 kabla ya kupata leseni ya kwanza. Mwanafunzi akikaa zaidi ya siku 30 bila kuruka, anarudishwa nyuma kunolewa upya. Hata mwenye leseni hiyo ya kwanza, akipitisha siku 60 anatakiwa aruke kwanza chini ya uangalizi. Mumeo ana msimu wa mlima kuanzia Juni hadi Oktoba, na tena Desemba mpaka Machi mwanzoni. Ataenda Diani lini? Mwezi wa nne na wa tano mlima umelala, sawa, lakini masika hupiga na pwani, na mawingu yakishuka hakuna ndege inayorusha mtu. Atakaa analipia chumba akitazama mvua. Na mtu anayeruka kwa nadra naye anaweza kukosea ile hesabu ya kutua niliyokuambia. Milioni nane inaweza kuwa mlango tu wa matumizi, na tofali za Himo zikaendelea kuota majani. Haya ni mazungumzo ya mume na mke yenye karatasi na kalamu mezani, na hayana ubishi wa nani anampenda nani. Muulizeni pia wakala wa bima, kama mna bima ya maisha, kuhusu michezo ya hatari. Bima nyingi huiweka pembeni. Na kama hamjaandika wosia, mnaishi na kazi ya mlima bila wosia, ambalo si jambo la Diani tu.

Kuna njia nyingine hukuzitaja. Anaweza kuruka mara moja tena, amefungwa kwa mkufunzi, kwa fedha ya tipu na si ya nyumba, halafu mkaona anarudi na nini. Mnaweza kwenda wote. Wewe usiruke, nenda ukasimame pale wanapokunja miamvuli, uguse kile kitambaa kwa vidole vyako, umuulize anayekunja maswali ya fundi kwa fundi. Utakuwa unaogopa kitu unachokijua. Ubaya wake ni kwamba safari hiyo nayo ni gharama, na mkienda pamoja itakuwa vigumu zaidi kusema hapana baadaye. Mnaweza pia kuahirisha mpaka msimu upite. Ila kuahirisha kukiwa kukataa kwa chinichini, atakijua, na huyo mtu amechoka na mambo yasiyosemwa.

Jambo moja lingine lisisubiri saini wala msimu. Mtu aliyekaa na kifo kifuani miaka yote hiyo, usiku mmoja wa kulia haumalizi. Mchungaji au padri wenu anaweza kumsikiliza, na hospitali ya rufaa ina watu wa afya ya akili ambao kazi yao ni hiyo. Mwambie kwa heshima, kama unavyomwambia mtu aliyevunjika mguu apitie hospitali hata kama anatembea.

Kuhusu mama mkwe, usibebe wewe ujumbe. Mwache mwanawe aende kwake mwenyewe. Yule mama alimzika mtoto wa shemeji yake kwa ajili ya mlima, na maneno yake ya migomba na mawingu ni kilio, si matusi.

Na kuhusu kusainia kifo chake. Miaka kumi na moja umemfulia soksi za mlimani, umemjazia chai kwenye chupa, umemfungulia mlango alfajiri. Huko aendako watu hufa. Mwezi Septemba 2019 mgeni kutoka Canada alifariki akijaribu kuruka na mwavuli kutoka juu ya mlima huohuo, na mmempoteza ndugu yenu bila mwavuli wowote. Alfajiri zote hizo hukuwahi kujiona umesaini. Lolote mtakaloamua kuhusu akiba yenu, ile karatasi ya SACCOS haina nafasi ya kuandikiwa kitu kizito kiasi hicho, na mumeo asingependa uiandike.

Kabla ya karatasi, kuna swali moja ningependa umuulize. Usimuulize mezani wala kitandani. Subiri siku una kitambaa kirefu cha kukata, yeye ameshika upande wake. Muulize: ukirudi kule, ungependa kuruka peke yako, au ungependa kufungwa tena na mtu? Akinyamaza, usimsaidie kujibu. Endelea kukata taratibu mpaka mkasi umfikie.

Niandikie masika yakiisha.